Ng'ombe Niliyempa Baba

Mlinzi wa zamu ya asubuhi pale lojini ninapofanya kazi ana tabia ya kupaka viatu vyake dawa chini ya dirisha la chumba cha kufulia. Nimemwambia aende kule kwenye matangi ya maji, ananiangalia tu, anadhani najisikia. Juzi nilitoka na beseni la maji ya sabuni nikayamwaga karibu na miguu yake. Si juu yake, karibu tu. Akaruka na brashi mkononi, akauliza, "Dada Nasieku, kwani dawa ya viatu imekukosea nini?"

"Imenikosea," nikamjibu, nikarudi ndani kupiga pasi mashuka ya wageni.

Na kweli imenikosea. Wengine wakisikia harufu ile wanakumbuka Jumatatu ya shule, au baba yao akijiandaa kwenda kanisani. Mimi mikono inatafuta kitu cha kupiga. Tangu tumzike Baba hali imekuwa mbaya zaidi, na kwa kuwa siwezi kummwagia maji kila mwenye viatu hapa Karatu, nimeona afadhali niseme ilikotoka.

Sisi hatukuwa watu wa kambi ya jeshi. Tulikuwa watu wa Arash, kule Ngorongoro. Baba alikuwa Mmasai wa hukohuko, Mama Mwiraqw wa Endamarariek, huku Karatu, na jinsi walivyokutana ni habari ya mnadani ambayo kila mmoja aliisimulia kwa namna yake, na kila mmoja alisema mwenzake ndiye aliyeanza. Nilizaliwa bomani, kwenye moshi na maziwa. Kitu cha kwanza kikubwa ninachokumbuka ni bibi mmoja jirani kunibana kichwa katikati ya magoti yake na kuning'oa jino la chini kwa ncha ya kisu, kama walivyong'olewa watoto wa kwetu tangu zamani. Sikulia. Nilitema damu, nikamwangalia Baba. Baba akanyoosha mkono kuelekea kwenye zizi la ndama akasema yule mweupe ni wako. Nikamwita Naibor, maana yake mweupe, na tangu hapo nikajua dunia inavyokwenda: unaumizwa, hulii, unapewa ng'ombe.

Kama ningekuwa na shaka, shaka iliisha siku kaka yangu Saruni alipoingia jandoni. Mimi na Mama tulikaa pembeni na wanawake wengine, tukichungulia. Saruni alikaa kwenye ngozi ya ng'ombe alfajiri ile, maji ya baridi yakimchuruzika, na wanaume wamemzunguka wakimtazama kope. Kope zikipepesa tu, ukoo mzima unaaibika. Hazikupepesa. Kisha ikaja sehemu niliyoipenda. Saruni alikataa kuinuka, maana kwetu aliyetahiriwa hainuki mpaka ndugu wamtajie ng'ombe. Alikaa vilevile, damu chini yake, akasubiri. Baba mdogo akamwambia inuka, nakupa maksai mwekundu. Hakuinuka. Mwingine akataja ng'ombe mwenye ndama. Saruni akauliza yupi, akaelezwa, akafikiri kama mzee wa baraza. Baba alipotaja wake ndipo akainuka. Nilicheka mpaka Mama akanifinya.

Kisha ukame ukaja. Sitausimulia wote, kila mtu wa huku ana wake. Ninachokumbuka ni ng'ombe kulala na kutoamka. Asubuhi wanaume walikuwa wanakwenda zizini kuwainua, mmoja ameshika mkia, wengine pembe na mbavu, wanamsimamisha, anatetemeka kidogo, anaanguka tena. Baba aliinua ng'ombe mpaka mikono yake ikawa inatetemeka hata akishika kikombe. Naibor alikuwa bado anasimama mwenyewe. Walipobaki wachache wa kuhesabika bila kuchoka, Mama akasema twende kwetu.

Kwa mwanamume wa Kimasai kwenda kuishi kwa wakwe ni jambo la kumeza kwa shida. Baba alimeza. Yeye na Saruni wakaswaga ng'ombe kwa miguu kupitia nyanda za Ngorongoro, Mama na mimi tukapanda lori la mahindi lililokuwa linarudi tupu. Tulifika Endamarariek kabla yao, na mjomba wangu Tluway, kaka yake Mama, akatuonyesha kiwanja alichotutengea. Kilikuwa kizuri, chenye udongo mwekundu na mteremko, na ng'ambo ya korongo kulikuwa na uzio wa seng'enge usio na mwisho. Nikashangaa mahali pazuri hivyo kukosa mtu. Kesho yake asubuhi nikaacha kushangaa.

Kishindo kilinitoa kitandani. Ukuta wa udongo ulidondosha vumbi kwenye uji, sufuria zikagongana, na kabla sijapumua kikaja kingine. Nikaingia chini ya kitanda. Mama akainama akanichungulia, uso umetulia kabisa, kwa sababu alikulia kwenye vishindo vile.

"Toka huko. Ni chuo," akasema. "Wanasoma."

"Wanasoma nini?"

"Kupiga watu."

Kilikuwa chuo cha kijeshi, cha kufundishia maafisa, lakini mimi neno chuo nililielewa kuwa ni shule, na wiki hiyo Mama alikuwa amesema nitaanzishwa shule. Sasa piga hesabu mwenyewe. Siku ya kwanza walinibeba mzobemzobe mimi nikiwa nimeng'ang'ania mlango, nikilia kwa Kimaa, lugha ya Baba, kwamba sitaki kulipuliwa.

Na shule yenyewe ilikuwa vita, msidanganywe na watu wanaokumbuka utoto kama sikukuu. Mwalimu wetu alichapa kwa fimbo ya mti wa kahawa, asubuhi kwa kuchelewa na mchana kwa kuwa ni mchana. Watoto wa wanajeshi walikuja na viatu vyeusi vinavyong'aa, sisi wa kijijini tulikuja na miguu, na wakati wa mapumziko tulicheza mchezo mmoja tu. Mmoja anakuwa afande, wengine kuruta. Afande anakuviringisha vumbini, anakuchapa kwa bua la mhindi, anakupigia kelele za matusi aliyoyasikia uziani. Kila alfajiri wanafunzi wa chuo walipita barabarani wakikimbia mchakamchaka, buti zikitwanga, wakiimba jinsi watakavyomla adui nyama, nasi tulizijua nyimbo zote kabla ya kujua kusoma. Niliitwa mla damu, nikaitwa mnuka maziwa. Nilimng'ata mtoto mmoja sikio. Baada ya hapo waliniheshimu, na mimi nilianza kupapenda.

Aliyeteseka ni Baba. Nchi ya Mama ni nchi ya majembe, kila kipande kina mwenyewe na mahindi yake, na ng'ombe wakiweka mguu mmoja tu kwenye maharage ya mtu tunaitwa kwenye kikao. Kiangazi kilipofika ng'ombe walianza tena kuonekana mbavu. Mjomba Tluway alikuwa na mdomo. Jioni alikuja kukaa kwenye kigoda nje kwetu, anakunywa chai ya Mama, anachokoza.

"Shemeji, hao ng'ombe utawalisha risasi? Maana ndicho kinachoota huku."

Baba alikuwa anatazama ng'ambo ya uzio. Kule ndani nyasi zilikuwa ndefu, nzima, zinakauka bure kwa kukosa wa kuzila. Niliona alivyokuwa anazitazama. Mtu mwenye njaa anavyotazama sahani ya mwingine, ndivyo.

Hakuwa mjinga, na hilo nataka lieleweke. Alikaa wiki nyingi akisoma bendera. Kilimani kulikuwa na mlingoti, na kila siku ya kulenga shabaha walipandisha bendera nyekundu ili watu wakae mbali. Ikishushwa, hakuna risasi. Aliisoma kama alivyokuwa anasoma mawingu kule Arash. Alipohakikisha, akaanza kupitisha ng'ombe chini ya seng'enge, pale mvua ilipokula ardhi kwenye korongo. Waliingia, walikula, walitoka, na hakuna aliyejua isipokuwa sisi. Mama alimwambia, "Baba Saruni, ipo siku." Baba akamjibu kwamba ng'ombe hawezi kuambiwa asubiri ipo siku. Na kweli mbavu zilianza kupotea. Naibor aling'aa hadi nikawa namwonea aibu kwa uzuri.

Ilikuwa Jumapili. Saruni alikuwa kalala na malaria, Mama kaenda kanisani na Mjomba na mke wake, na Baba akanichukua mimi nimsaidie kurudisha ndama. Bendera haikuwepo. Nakumbuka niliitazama mimi mwenyewe, mlingoti mtupu kabisa. Tuliingia. Nyasi zilinifika kifuani, panzi wanaruka, na mbele yetu maksai wetu mkubwa alikuwa anatembea na kengele yake shingoni, wengine wakimfuata.

Maksai akakanyaga kitu, na nyasi zikapiga yowe.

Kisha vichaka vikasimama. Vichaka, nakwambia, vyenye majani kichwani na miguu ya buti, kulia, kushoto, nyuma yetu. Nyuso zilikuwa nyeusi zinang'aa, na harufu iliyotoka kwenye nyuso zile ilikuwa ya dawa ya viatu, walikuwa wamejipaka ili wasionekane. Nilijikojolea palepale. Mmoja wao alikuwa amekaa chini anaushika mkono wake uliovunjwa na kwato, analia kama mtoto, na wenzake wamesimama hawajui watazame wapi.

Walikuwa kwenye zoezi la kujificha. Tangu asubuhi walikuwa wamelala mle, na mwalimu wao alikuwa anawatafuta kwa darubini kutoka kwenye mwinuko na hajampata hata mmoja. Alikuja anateremka, mtu mfupi mwenye shati lililonyooka na kifimbo kwapani, na aliwaanza wao kwanza.

"Maafisa wa kesho," akasema. "Mmekamatwa na ng'ombe."

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Niliona aibu inavyowapanda, na aibu ya vijana wengi wakiwa pamoja ni kitu kibaya, nimekiona tena mara nyingine maishani na siku zote kinaishia pabaya. Rafiki yake yule aliyevunjika mkono akachomoa singe, kile kisu cha bunduki, kutoka kiunoni, akamwendea maksai, akamchoma shingoni.

Sasa nisikilizeni, hapa ndipo akili yangu ya kitoto ilipochukua njia yake. Kwetu ng'ombe hutobolewa mshipa wa shingo kwa mshale mfupi, damu inakingwa kwenye kibuyu, jeraha linazibwa kwa mavi na ng'ombe anakwenda zake kula. Nikasema moyoni, kumbe hawa nao ni watu kama sisi. Nikatafuta kibuyu kwa macho. Damu ilikuwa inaruka kwenye nyasi, inapotea bure, na nikawaona wazembe kwelikweli. Hakuna aliyeziba. Maksai alipiga magoti ya mbele, na kengele ikawa inalia kila anapovuta pumzi, kisha ikaacha.

Baba alikuwa ameshanyanyua fimbo. Walimvamia wengi, fimbo ikavunjwa kwenye goti la mmoja wao, vipande vikatupwa. Mwingine alinishika mimi mkono kwa nyuma.

"Mzee," akasema yule mwalimu, "hapa ni malishoni kwa baba yako?"

"Nyasi zinaoza humu, afande," Baba akasema kwa Kiswahili chake kizito. "Na bendera haikuwepo."

"Bendera ndiyo inayokupa ruhusa?" Akawageukia vijana wake. "Mfundisheni. Na nyie mtajifunza."

Walimkalisha chini. Shuka lake lilikuwa limedondoka, akakalia hilo. Wakaanza kwa mikanda, wakaja na fimbo, wakaja na buti mgongoni na kwenye nyonga. Nilisikia sauti ambazo hadi leo nikipiga zulia la mgeni kwa ufagio ninazisikia. Mmoja alimpiga sikioni, damu ikatoka ikafuata shavu. Walipiga kwa zamu, na kila mmoja alipomaliza alirudi nyuma anahema, na jasho lilikuwa linaichuruzisha ile dawa nyeusi kwenye shingo zao. Harufu yake ilichanganyika na damu ya maksai ikawa kitu kimoja.

Na Baba alikaa. Mgongo ulinyooka, mikono juu ya magoti, macho yametazama milima ya Ngorongoro. Nikayaangalia yale macho. Nikaangalia kope. Wanaume wamemzunguka, yeye amekaa kwenye shuka, damu inatoka, na kope hazipepesi. Nililijua jambo hili. Nilikuwa nimeliona kwa Saruni. Woga ukanitoka, na kitu kilichokuja badala yake, Mungu anisaidie, kilikuwa fahari. Nikawa nawaangalia wale vijana usoni mmoja mmoja nikitaka waone: huyo ni baba yangu, mmepiga mpaka mmechoka, hajapepesa.

"Inatosha," mwalimu akasema. "Inuka, mzee. Toa mifugo yako."

Baba hakuinuka.

"Nimesema inuka. Usipoinuka, hawa ng'ombe wote wanaingia kambini, na huwaoni tena."

Mmoja akamsukuma kwa buti. Baba aliyumba, akarudi kukaa. Nilikuja kujua baadaye kwamba nyonga yake ilikuwa imepasuka na mguu haukumsikia. Lakini wakati ule nilijua kitu kingine kabisa. Nilijua anasubiri nini. Nikashangaa jinsi watu wazima wote hawa walivyo wajinga, wamefanya kila kitu sawasawa halafu wamesahau mwisho wake. Kwa Saruni walikuwepo baba wadogo, wajomba, majirani. Nikatazama huku na huku. Ndugu wa Baba mahali pale nilikuwa mimi peke yangu, na nilikuwa na ng'ombe mmoja.

Nilimng'ata aliyenishika mpaka nikasikia chumvi. Akaniachia. Nikaenda nikasimama mbele ya Baba, nikasema kwa Kimaa, kwa sauti ya wanaume, "Baba, inuka. Nakupa ng'ombe."

Mwalimu akauliza, "Anasema nini huyu?"

Nikamwambia kwa Kiswahili cha shule, "Nampa ng'ombe. Hajalia. Ainuke."

Mmoja nyuma alicheka. Alicheka peke yake, akaacha.

Baba alikuwa ananitazama. Jicho moja lilikuwa limeanza kufunga kwa uvimbe. Nimekuwa mzazi sasa na nimejiuliza ningefanya nini mimi. Ningemwambia mtoto kimbia. Ningemwambia nyamaza. Pengine ningelia. Baba aliniangalia mpaka akaelewa ninachokiona mimi pale, na alipokielewa akauliza kwa Kimaa, midomo imepasuka, sauti ikiwa ileile ya Saruni kwenye ngozi.

"Yupi?"

"Naibor. Mtamba wangu mweupe."

Akafikiri. Alifikiri kwelikweli, nawaapia, damu inatiririka na jeshi zima limemsimamia.

"Ana mimba?"

"Bado."

"Hata hivyo ni mzuri," akasema. "Nimempokea."

Akaweka kiganja chake juu ya kichwa changu, pale wakubwa wa kwetu wanapowasalimia watoto, na akakandamiza. Fimbo yake ilikuwa imevunjwa, kwa hiyo fimbo nilikuwa mimi. Alinilemea mpaka shingo ikazama mabegani. Akainuka.

Yule mwalimu alikuwa ameshageuka anatazama kilima. "Watoeni nje," akasema, bila kusema kama anamaanisha sisi au ng'ombe. Vijana wakatufungulia njia. Tulitembea hadi korongoni hivyohivyo, mkono wake kichwani kwangu, ng'ombe mbele, na maksai tulimwacha. Jioni moshi wa nyama choma ulitoka kambini ukaja upande wetu, na mbwa wetu alikwenda kukaa uziani.

Mama alirudi kutoka kanisani akamkuta amelala kwenye ngozi mlangoni. Sikuwahi kumsikia Mama akilaani kwa lugha zote tatu alizokuwa nazo, siku hiyo nilimsikia. Mjomba Tluway alikuja nyuma yake na koti lake la kanisani, akamwona shemeji yake, akaingia ndani akatoka na panga.

"Nani? Niambie ni nani. Nakwenda getini sasa hivi."

"Kaa chini, shemeji," Baba akasema.

"Sikai. Watu wamekufanya hivi, mimi nikae?"

"Leo binti yangu amenipa ng'ombe. Usiniharibie."

Mjomba hakuelewa. Basi mimi nikamweleza, kwa furaha yangu yote: walivyomzunguka, walivyopiga, kope zilivyokaa, nilivyomtaja Naibor mbele ya watu. Nikampa na ile sauti ya wanaume. Mjomba alisikiliza, na kadiri nilivyosimulia panga lilikuwa linashuka, mwisho akageuza uso ukutani. Kesho yake asubuhi tulikuta lundo la mabua ya mahindi kwenye zizi letu, na kila asubuhi hadi mvua ziliponyesha. Neno la risasi sikulisikia tena kinywani mwake. Mama alikwenda ofisi ya kijiji, akaambiwa mumewe ndiye aliyeingia eneo la jeshi, ashukuru yuko hai. Likaisha hivyo.

Mimi nilikwenda shule nimebeba habari kubwa kuliko zote. Wakati wa mapumziko nikawatangazia kwamba baba yangu jeshi limemtia jandoni mara ya pili, na hakupepesa. Mvulana mmoja wa kambini, mkubwa kidogo kwangu, alinitazama kwa mshangao wa kweli, si kwa ubaya.

"Baba yako alipigwa," akasema. "Kwa kuingiza ng'ombe. Baba alituambia tukiwa tunakula ile nyama."

Nilimpiga na jiwe. Alianguka, nikampiga tena. Mwalimu alinitoa mbele ya darasa zima akanichapa kwa fimbo ya kahawa, miguuni, mgongoni, na mimi nilitazama dirishani, kope zangu wazi, nikajua ninafanya vizuri. Akamaliza. Akasema rudi ukakae. Sikusogea. Nilisimama pale nikisubiri mtu ataje ng'ombe. Niliwatazama watoto wote, nikamtazama mwalimu. Hakuna aliyetaja. Waliniangalia kama mtu aliyechanganyikiwa, na mwalimu akanichapa tena kwa ukaidi, na katikati ya hizo fimbo za pili ndipo nilipoelewa Jumapili ile ilikuwa nini. Nilipiga kelele ambayo watu waliisikia barabarani.

Nyumbani nilimkuta Baba anachonga fimbo mpya, mguu mmoja ameunyoosha. Mguu ule haukukunja vizuri tena hadi anaingia kaburini.

"Ulipigwa," nikamwambia.

"Nilipigwa."

"Mbona ulimchukua Naibor?"

"Ulinipa," akasema. Akapuliza vumbi la mti kwenye fimbo. "Usingenipa, ningekuwa nimekaa pale mpaka leo."

Na alimchukua kweli. Kwetu ukitaja umetoa. Naibor akawa wake, ndama zake zikawa za Baba, na alipokuwa akimpita zizini alimpiga kofi la ubavuni akisema huyu kanipa binti yangu, akawaambia wageni, akawaambia hadi wanunuzi wa mnadani waliokuja kumtaka. Hakumuuza. Naibor alizeeka kwetu akafa kwa uzee, akaacha ukoo, na jina lake likawa linarithiwa na mweupe wa kila uzao. Mimi nilikaa na hasira. Niliwachukia wale vijana, niliwachukia watoto wa viatu vyeusi, na kwa miaka nilimchukia kidogo hata yeye, kwamba aliniacha nisimame pale nikijivuna. Nilipigana shule yote ya msingi. Nilipokuja Karatu kutafuta kazi nilifurahi kulala mahali ambapo asubuhi kinacholia ni bodaboda.

Kifua ndicho kilichommaliza. Mwaka huu, mvua zilipoanza, Saruni alinipigia simu akasema njoo hospitali, Baba hataki kula. Nilikwenda mchana nikiwa na sare ya kazi. Alikuwa amelala ameelekea ukutani, mdogo, mabega yamebaki mifupa, na bakuli la uji limepoa kwenye kimeza. Muuguzi alisema ana siku mbili hataki kuinuka, na asipoinuka kifua kitajaa. Saruni alikuwa amembembeleza, akamgombeza, akaishia kukaa kwenye benchi na kichwa mikononi.

Nilizunguka nikasimama upande wa ukuta, mbele ya uso wake.

"Baba," nikasema kwa Kimaa. "Inuka. Nakupa ng'ombe."

Nilidhani hajasikia. Kisha jicho moja likafunguka.

"Yupi?"

Mimi ni mtu wa mshahara, ninafua mashuka, sina hata mbuzi. Nikataja nilichokijua.

"Naibor."

"Naibor ni wangu," akasema. "Wote ni wangu. Taja mwingine."

Saruni akainua kichwa akataka kusema kitu, pengine kunipa ng'ombe wake nimtaje, Baba akamzuia kwa kidole. Alivuta pumzi, ikachukua muda kufika.

"Huna," akasema.

"Sina, Baba."

"Basi nakurudishia Naibor. Yule mweupe aliye kwa Saruni sasa, na wa nyuma yake wote. Umewapokea?"

"Nimewapokea."

"Haya. Sasa taja."

Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyafuta, maana si mimi niliyekuwa kwenye ngozi. Nikasema, "Baba, inuka. Nakupa Naibor, mtamba wangu mweupe."

"Ana mimba?"

Nikamtazama Saruni. Saruni akaitikia kwa kichwa.

"Anayo," nikasema.

Baba akafikiri. Akanyoosha mkono, nikapiga magoti nikauinamia, akaweka kiganja kichwani kwangu na kukandamiza kwa uzito wake wote uliobaki, ambao haukuwa mwingi, akainuka.